Koma zilivyoniozesha wake wengi

Jamani hii acheni niicheke mwenyewe kwanza. Nilikuwa natafuta kazi, wakataka barua ya kujieleza kwa Kiingereza, nikaiandika kwa mbwembwe zote. Nilitaka wajue mimi mtu nimetulia, pombe nimeacha, nina familia, basi nikaweka "I stopped to drink when I got married. My wife who is a nurse is very happy." Nikaisoma kwa sauti, naona inateleza tu.

Siku ya intavyuu nimekaa mbele ya watu watatu, mama mmoja mwenye miwani ananiangalia kama anataka kunipa pole ya msiba. Akauliza, "Siku ya harusi ulikuwa unafanya nini hadi ukasimama ili unywe?" Nikamwambia hapana madam, niliacha. Akasema ulichoandika ni kwamba ulisitisha shughuli zako ukaenda kunywa, wa kuacha anasema "stopped drinking", jerandi. Sasa jerandi mimi naijua, ni kitenzi kilichovaa ing kikajifanya nomino, ila hii stop ndo ina unafiki. Enjoy na finish angalau zina msimamo, zinataka ing tu, ukiandika enjoy to drink kosa linaonekana hapo hapo, lakini stop inakubali zote mbili, to na ing, halafu inakuuza kimya kimya. Remember nayo vile vile, "remember to lock the door" mlango bado haujafungwa, "I remember locking the door" ulishaufunga na unakumbuka.

Nikadhani yameisha, jamaa wa pembeni akadakia, "Na wale wake zako wengine, nao wamefurahi?" Wengine gani tena! Kumbe kishazi rejeshi, kile kipande cha "who is a nurse", kisipozungushiwa koma kinachagua, yaani kati ya wake zangu namsema yule nesi. Ningeandika "My wife, who is a nurse, is very happy" basi mke ni mmoja na unesi wake ni habari ya nyongeza tu. Kwa Kiswahili ukisema mke wangu ambaye ni nesi, nani anaanza kukuhesabia?

Wakanipa jaribio, niandike kanuni moja ya ofisi. Nikasema hapa sasa koma nazimwaga. "Employees, who come late, will be punished." Yule mama kusoma tu, akageuka akamtazama jamaa wa pembeni, ambaye asubuhi hiyo wote tulikaa tukimsubiri yeye, akacheka mpaka akavua miwani. Kwa zile koma mbili nilishasema wafanyakazi wote wanachelewa, habaki hata mmoja, na wote waadhibiwe, wanaonihoji wakiwemo.

Nikaondoka na ile "tutakupigia" yao. Kufika nyumbani nikaacha barua mezani nikaenda kuoga, narudi mke wangu kaishika, na huyu Kiingereza anakijua kuliko mimi. Ya pombe wala hakuigusa.

"Baba watoto," akaniuliza taratibu kabisa, "huyo ambaye siyo nesi anafanya kazi gani?"