Vimrc yangu iacheni kama ilivyo

Jumamosi dogo mmoja wa mtaani, ndo kwanza kamaliza chuo, kaja kwangu hapa Chumbageni, Tanga, tumalizie kazi ya mteja. Kakaa kwenye laptopu yangu, kafungua Vim, ile programu ya kuandikia kodi za kompyuta, kaandika maneno mawili, kasonya. "Braza, hii umeichakachua. Vim inaachwa difolti, kama ilivyokuja, wanaojua ndo wanavyotumia." Alikuwa anaisema vimrc yangu, faili la mipangilio ya Vim. Nikanyamaza maana mgeni ni mgeni, nikammiminia chai, ila limenikaa rohoni mpaka leo.

Difolti ya nani kwanza? vi, mzazi wa Vim, aliiandika Bill Joy mwaka 1976 akiwa Berkeley, na terminali (skrini na kibodi) aliyokuwa nayo ni ADM-3A, ile ambayo mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l, halafu Esc yake, kitufe cha kutoka kwenye kuandika urudi kwenye amri, ilikuwa pale pale ilipo Tab kwenye kibodi zetu, yani kidole kinateleza tu ushafika. Jamaa alijishonea nguo ya mwili wake. Sisi miaka hamsini hivi baadaye tunanyoosha kidole mpaka kule konani tukidhani ni sunna.

Mimi nimeweka inoremap jj <Esc> yani nikigonga j mara mbili ni kama nimebonyeza Esc, na sijutii. Nitajie neno la Kiswahili lenye j mbili zimefuatana. Usiniletee Hajj, huku tunaandika hija.

Ila na mimi sikuanza na akili hiyo. Mwanzoni nilibeba vimrc nzima ya mtu nisiyemjua, mistari mia tatu na ushee, sielewi hata kumi. Humo ndani kulikuwa na mstari unaofunga kila alama ya nukuu, ukigonga moja inakuja na mwenzake. Kwa kodi safi kabisa. Sasa mimi wakati ule natengeneza tovuti ya mzee anayeuza maziwa, na maziwa bila ng'ombe hayaandikiki, kila aya ng'ombe, nami naandika haraka siangalii. Mzee kafungua kwenye simu kanipigia: "Mwanangu, hawa ng'ombe' wangu mbona wana pembe mbili mbili juu?" Nilicheka kwa aibu. Usiku ule nikafuta faili lote nikaanza na mstari mmoja, na tangu hapo hauingii mstari ambao sijui umekuja kuniondolea kero gani. Leo iko arobaini, na kila mmoja nakusimulia ulikotoka.

Set spell, amri ya kukagua tahajia, nayo hivyo hivyo. Ukiiwasha bila kugusa kitu inakagua Kiingereza, ukurasa wote unageuka mwekundu, hadi "maziwa" linaambiwa kosa. Sasa hapo na difolti yako utafanyaje, uandike milk? Nimekaa nagonga zg, yani "hili neno ni sahihi", neno moja moja mpaka ikanizoea.

Rangi sigombani na mtu. Plagini, vile viongezo vya watu wengine, wekeni, mimi ninazo mbili tu, zingine kama tunavyosema Tanga, waja leo waondoka leo.

Haya, dogo ana kapointi kadogo, nakubali kwa shingo upande. Kwenye seva ya mteja, kompyuta inayobeba tovuti yake, vimrc yangu haipo. Niliwahi kuingia humo kwa mbali (kwa ssh) usiku kurekebisha faili la nginx, programu inayorusha tovuti, vidole vikagonga jj kwa mazoea, zikabaki kwenye faili sikuona, nikabonyeza Esc, nikasevu, nikarestati. Ikagoma kuwaka. Tovuti ya mtu imezima, mimi natafuta kosa kwenye mistari ya juu kumbe j zangu mbili zimekaa chini kabisa zinaniangalia. Sasa nikiwa ugenini naandika polepole kama natuma meseji kwa mkwe. Lakini jamani, mwaka mzima mimi nalala kwangu au ugenini?

Dogo alipomaliza chai kaomba baiskeli yangu afike Ngamiani mara moja. Nikamtazama toka dirishani. Kabla hata hajapanda, katoa spana, kashusha siti.

Karudisha magharibi. Siti kaiacha huko huko chini.