Mwanga wa nini, mama?

Mwalimu wetu wa sheria ya jinai alikuwa wakili wa serikali miaka mingi kabla ya kushika chaki. Siku moja aliandika ubaoni jibu la shahidi: "Nilimtambua kwa sababu kulikuwa na mwanga." Akatugeukia. "Haya, dodoseni."

Kimya. Na kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980, tulikuwa tumeisoma! Tulijua Mahakama ya Rufani inataka nini: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alimfahamu kabla au la. Tuliyakariri yote kwa Kiingereza. Lakini shahidi ni mama wa Mbagala, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua pa kuanzia.

"Mwanga wa nini, mama?" akauliza mwalimu mwenyewe. Koroboi? Chemli? Taa ya umeme? Ilikuwa chumbani au barazani? Mlango ulikuwa wazi? Swali fupi, jibu, swali jingine. Akatuambia kwamba alipokuwa upande wa Jamhuri aliridhika na neno "mwanga" zaidi ya mara moja, na rufani ikamwangusha. Kwa hilo peke yake namheshimu mpaka leo.

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Darasani bado ni Kiingereza. Naelewa sababu: hukumu nyingi tunazozitegemea zimeandikwa kwa Kiingereza, na lazima mwanafunzi azisome. Ila kudodosa ni kazi ya mdomo, na mdomo huo ufundishwe kwa Kiswahili, na watu waliosimama mahakamani wakihoji mashahidi. Waendesha mashtaka wastaafu wapo tele Dar es Salaam. Waitwe, walipwe vizuri. Wanajua kesi inapovuja kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiziba.

(Huyu wetu alianza kila muhula kwa Ibara ya 59B ya Katiba, inayomtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie nia ya kutenda haki. Kushinda hakumo.)

Mwezi uliopita, mahakamani Kisutu, nilikuwa namtetea kijana aliyeshtakiwa kwa wizi. Shahidi akasema kulikuwa na mwanga.

"Mwanga wa nini, mama?"

"Tochi ya simu."

"Simu hiyo aliishika nani?"

Akafikiri kidogo. "Huyo mwizi. Alikuwa ananimulika usoni."