Picha Nzuri, Harufu Sasa

Mwaka huo joto lilikataa kuaga. Majira ya kupukutika majani yalikuwa ukingoni, nami bado natembea na shati la mikono mifupi. Miti inayosifika kwa wekundu ilituangusha: rangi ile hutengenezwa na sukari iliyonaswa kwenye jani, tena hutaka jua mchana na ubaridi usiku. Usiku wetu ulikuwa wa jasho. Majani yakafubaa tu.

Basi shoga yangu, ambaye simu yake ina picha kuliko namba za watu, akanikokota hadi kwenye mti wa ginko. Wallahi, ule ulikuwa mti! Njano yake imo ndani ya jani tangu mwanzo, kijani kikiondoka ndiyo inajitokeza. Juu njano, chini njano, ardhi huioni.

"Lala," akaamuru.

Nikalala.

"Jigaragaze kidogo, uonekane una raha."

Nikajigaragaza. Kitu kikapasuka mgongoni, pwachu! Kingine, pwachu!

"Nini hicho?"

"Majani mabichi. Cheka bwana, mwanga unapotea!"

Kumbe ginko ina dume na jike, na jike huangusha mbegu zenye nyama laini, iliyojaa asidi ileile inayonuka kwenye siagi iliyochacha. Wapandaji wa miji mingi huchagua dume kwa sababu hiyo. Huyu wetu alikuwa jike, tena mwenye uzazi mwema.

Ndani ya basi joto likamalizia kazi. Abiria wa mbele akainua kiatu, akakagua soli. Jirani yake naye. Punde basi zima linakagua soli. Mama mmoja akachungulia nepi ya mwanawe, akaifunga, akachungulia tena kwa mashaka. Mtoto wa watu, mkavu kabisa, akaangua kilio. Mimi nimeziba pua na kutikisa kichwa, kama raia mwema.

Shoga yangu akainuka, akahamia kiti cha nyuma kabisa, akaanza kutazama dirishani kama mtu aliyepanda peke yake.

Mzee aliyeketi nyuma yangu akaninong'oneza, "Binti, una kitu mgongoni." Akakibandua kwa leso, akakigeuzageuza, uso ukamchanua.

"Hizi ukizimenya ukazioka, kokwa yake huliwa. Unazo nyingine?"

Nikamwambia achague mwenyewe.