Pima Sindano Kabla ya Kuilaumu Santuri

Santuri za zamani zinazotolewa upya huja na sifa kubwa kwenye jalada, na kwa miaka mingi nilikuwa mwepesi wa kuzihukumu. Ikikwaruza, nasema wamechapa vibaya. Ikikosa besi, nasema wameharibu kazi ya watu. Leo naamini nyingi kati ya hizo nilizionea.

Kilichonibadilisha ni wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza wa santuri moja, mwanamke anaimba na piano peke yake. Kila alipotamka "s", sauti ilichanika kama karatasi. Nilikuwa tayari kuirudisha dukani, ila kwanza nikaazima mzani mdogo wa kupimia sindano inakandamiza santuri kwa uzito gani. Katriji yangu, yaani kile kipande kidogo kinachobeba sindano, inatakiwa ikandamize kwa gramu 1.8 hadi 2.2. Mzani ukasoma 1.3.

Nilikuwa nimeilegeza kwa makusudi, nikiamini sindano nyepesi inaitunza santuri. Kumbe ni kinyume chake. Sindano isiyo na uzito wa kutosha haitulii kwenye kuta za mfereji, ule mstari uliochongwa kwenye santuri ambao sindano hupita, inarukaruka na kuzigonga, na kugonga huko ndiko kunakozichimba. Nikaweka gramu 2, nikarudia wimbo. Yule mama akaimba vizuri kabisa.

Kwa nini wimbo wa mwisho? Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mwanzo hadi mwisho, lakini duara linazidi kuwa dogo. Ukingoni, mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 50 kwa sekunde; karibu na lebo ni kama 20 tu. Muziki uleule unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na kosa la kufunga katriji ambalo hukulisikia mwanzoni linajitokeza hapo. Kwa hiyo usiishie kwenye uzito. Tafuta kile kibao chenye alama za kupangia katriji, ilaze sambamba na mistari yake, kaza skrubu polepole huku ukihakikisha haijasogea. Ni kazi ya nusu saa na inataka taa nzuri. Halafu angalia ule mvuto unaoupeleka mkono wa mashine, ule unaobeba katriji, kuelekea katikati ya santuri: usipouzuia, sindano huegemea ukuta wa ndani, na spika ya kulia ndiyo huanza kukoroma.

Ukishafanya hayo, hukumu bila huruma, kwa sababu santuri mbovu zipo kweli.

Hizo gramu 180 za uzito wa santuri zinazotangazwa kwa mbwembwe hazinishawishi. Santuri nzito inapendeza mkononi, lakini mfereji hauongezeki ubora eti kwa sababu plastiki imekuwa nene. Sauti inaamuliwa mapema zaidi: ni tepu gani iliyotumika, nani aliyekaa kuipanga upya, na kama alijali. Ukichukua faili iliyokwisha kupandishwa sauti hadi mwisho kwa ajili ya CD na kuichonga kwenye santuri, utapata kelele ileile kwenye jalada la gharama. Ninachodai kwa kampuni ni jambo moja, waandike wazi walianzia wapi. Kama ni tepu ya kwanza ya kurekodia, waseme. Kama ni faili ya dijitali, waseme pia. Zipo zilizotengenezwa hivyo na zinasikika vizuri sana. Mnunuzi ana haki ya kujua anacholipia.

Na kuna kosa ambalo hakuna mzani utakaolirekebisha. Nilikuwa na toleo jipya ambalo noti ndefu za piano ziliyumba, zikipanda na kushuka kidogo kidogo. Nikainama usawa wa mashine, nikautazama mkono. Ulikuwa unakwenda kushoto na kulia kila mzunguko, taratibu. Santuri iliyojikunja huupandisha mkono na kuushusha. Huu ulikwenda pembeni, maana yake tundu halikutobolewa katikati. Nikapima uzito tena, nikakagua katriji, nikaweka santuri nyingine, mkono ukatulia.

Hiyo niliirudisha.