Fegi moja moja kwetu Malindi, na daftari la huku Glasgow

Mie mzaliwa wa Barani, Malindi. Sahii niko Glasgow, Scotland, mwaka wa sita, nasimama kaunta kwa duka la Mpakistani mmoja, na kila nikifungua kabati la sigara namkumbuka ami na duka lake kule kwetu. Huku sigara hazianikwi, maduka madogo yote tangu 2015 zimefichwa ndani ya kabati, pakiti zenyewe hazina urembo, rangi ya matope tu na picha za kutisha, na pakiti ya chini ya sigara 20 huuzi. Kwa ami pakiti i wazi juu ya kaunta kando ya mahamri, kiberiti cha gesi chaning'inia kwa kamba pale dirishani, mtu anunua fegi moja awasha hapohapo aenda zake.

Na si ati Kenya hatuna sheria. Tunayo bana, ya 2007, na kwa maandishi haina mchezo: mtoto chini ya miaka 18 hauziwi, na pakiti isipungue sigara 10, yaani hiyo fegi moja ya ami ni makosa kabisa. Lakini mie mwenyewe nikiwa darasa la tatu nilikuwa natumwa, "kimbia kaniletee fegi mbili, chenji ununue peremende", na muuzaji ata haulizi manake ajua ni za nani. Alafu alasiri ukirudi chuoni duka waachiwa wewe, uuze sukari uuze sigara. Scotland mtu mzima akimnunulia mtoto sigara ni kosa, na mfanyikazi wa chini ya 18 hauzi mpaka apewe idhini.

Lakini kinachowatia watu adabu huku naona ni daftari. Tangu 2011 kuna daftari la serikali la kila duka linalouza sigara, siku hizi na vepu, zile sigara za umeme, pia, kujiandikisha ni bure na yeyote aweza kulitafuta jina lako kwa intaneti. Ukiuza bila kuandikishwa faini yaweza kufika pauni 20,000. Ukimuuzia mtoto ni pauni 200 kosa la kwanza, ukirudiarudia ndani ya miaka miwili korti yaweza kukupiga marufuku usiuze kwa muda.

Mwaka juzi kaja kijana mrefu, ndevu zimeanza, kaomba pakiti. Yeyote anayeonekana chini ya 25 yatakiwa umuulize kitambulisho, nikamuuliza, akasema amesahau nyumbani, nikamnyima. Haikupita dakika mbili kaingia mama wa kaunsoli, serikali ya mji, na beji yake, kumbe kijana ni wao, katumwa kunijaribu! Wallahi mkono ulikuwa ushafika kabatini.

Kwetu bwana afya akija aangalia choo, cheti cha afya, permiti ya kaunti iko ukutani ama haiko, na ile pakiti iliyofunguliwa iko mbele ya macho yake haisemwi. Ndio nasema kaunti zetu ziwe na daftari la wauza sigara, mbali na permiti, na liwe bure. Likilipiwa tu litakuwa mradi wa watu kunywa chai. Tunapenda kupiga marufuku kwa kishindo, 2024 kaunti yetu ya Kilifi ilikataza muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, kesi ikaenda kortini Embu amri ikasimamishwa, na watu wakaendelea kutafuna. Kuandika majina ya maduka hakuna kishindo, na pengine ndio maana hakuna anayetaka kufanya hivyo.

Nilimpigia ami nikamwambia aache kuuza moja moja. Akacheka. "Yule wa ng'ambo ya barabara akiacha, na mie ntaacha, la sivyo wateja wote wahamia kwake, mpaka wa unga." Hapo ana haki, peke yake hawezi. Nikamwelezea habari ya daftari, kila duka kwa mpigo mmoja, kuanzia yale yaliyo karibu na shule, akanyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Na hilo daftari atalishika nani?"

Mpaka leo sijampigia tena.