Karibu Mgeni, kwa Mara ya Pili

Mimi ni fundi cherehani wa Morogoro mjini, na mama wa watoto watatu ambao wote walivaa nguo zilizoshonwa kwa mikono yangu mpaka walipofikia umri wa kuzionea haya. Cherehani yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, yenye picha ya kipepeo aliyefutika bawa moja, nayo imekaa barazani, mahali ambapo nikiinua macho naiona Milima ya Uluguru na nikiyashusha nauona mlundo wa nguo ambazo wenyewe niliwaahidi juzi. Nayasema haya ili ieleweke mapema kwamba yaliyonifika mwaka 2024 hayakumfika mwanafunzi wa ushonaji, bali mtu mzima anayekula kwa sindano.

Kisa chenyewe kilianza mwaka 1982, nikiwa darasa la tano. Wasichana tulifundishwa Sayansi Kimu, na katika somo hilo kila mmoja alitakiwa kutarizi kitambaa cha meza chenye maneno KARIBU MGENI, ingawa nyumba nyingi tulizotoka hazikuwa na meza, na mgeni alikaribishwa kwenye mkeka. Bidhaa zilikuwa adimu nchini wakati huo. Sabuni ilipangiwa foleni, na uzi wa rangi ulipatikana kwa kufumua masweta makuukuu. Mama yangu alikuwa na mafundo matatu ya uzi mwekundu aliyoyaficha chini ya kitanda, na mwaka uliofuata, Serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, nililala macho usiku kucha nikisubiri mlango ugongwe, kwa kuwa niliamini kwamba yale mafundo matatu yalitosha kabisa kumpeleka mama jela.

Neno KARIBU nililitarizi nyumbani jioni. Neno MGENI nililitarizi kesho yake shuleni, chini ya mwembe, nikiwa nimekaa mkekani na kitambaa nimekitandaza mapajani, huku nikimsimulia jirani yangu jambo ambalo leo silikumbuki hata kidogo, ila nakumbuka kwamba lilikuwa refu. Mwalimu aliponiita nipeleke kazi, nilisimama, na kitambaa nacho kikasimama pamoja nami. Herufi zote tano za MGENI zilikuwa zimepita kwenye kitambaa, zikapita kwenye sketi yangu ya shule, zikafungwa fundo kwa chini. Upande wa KARIBU ulikuwa unapepea.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mrefu asiyepaza sauti kwa sababu hakuwahi kuwa na haja ya kuipaza. Aliinama, akaitazama ile kazi ikiwa juu ya mwili wangu, akasema, "Mishono imepinda. Fumua." Alinipa nne kwa kumi. Tangu siku hiyo hadi tulipomaliza darasa la saba mwaka 1984, jina langu shuleni lilikuwa Karibu Mgeni, na hata yule mvulana aliyekuwa akigonga kengele, ambayo kwa kweli ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, aliwahi kuniita hivyo mbele ya baba yangu.

Miaka 40 baadaye wanafunzi wa mwaka ule tulitafutana kwa simu, tukaunda kundi la WhatsApp, na baada ya wiki tatu za kuulizana nani yuko wapi, aliyekuwa kiranja mkuu wetu, ambaye bado anaandika ujumbe kana kwamba anatangaza paredi, alitoa hoja kwamba tukaitembelee shule yetu tukiwa na zawadi, na kwamba sisi wanawake 12 tuvae sare kama zamani: shati jeupe na sketi ya bluu ya marinda. Hoja ilipita bila kupingwa. Kazi ya kushona nilipewa mimi, nayo ilipita bila mimi kuulizwa.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo mafundi wenzangu watalielewa. Sketi ya marinda yaliyopangwa vizuri hula kitambaa mara tatu ya mzunguko wa mwili. Mtoto wa darasa la tano haombi kitambaa kingi, lakini mama mwenye nyonga ya inchi 44 anahitaji mzunguko wa inchi 132, ambao ni zaidi ya mita tatu, na hapo bado hujakata mkanda wa kiunoni. Nilipofika dukani nikaulizia jora zima la kitambaa cha bluu, muuzaji aliniuliza kwa heshima kama nimefungua shule.

Kwa kuwa wengine wako Dodoma na wengine Dar es Salaam, niliwaomba wajipime wenyewe wanitumie vipimo. Nimeshona kwa miaka 30 na sijawahi kusoma hadithi za kubuni nzuri kama zile. Mmoja alinitumia kiuno cha inchi 28, ilhali nilikuwa nimekutana naye sokoni mwezi mmoja kabla, na fundi halisi hahitaji futi, macho yake yanapima hata akiwa anasalimia. Mwingine alituma kiuno cha 96 bila kutaja kama ni inchi au sentimita, nami, kwa kutotaka kumvunjia heshima, nilimpigia simu nikamwuliza kwa mzunguko mrefu sana hali ya afya yake, mpaka akaniuliza kama nimesikia kwamba amekufa. Wa tatu aliandika, "Wewe shona tu kama zamani, shoga yangu, mimi sijabadilika." Huyo ana wajukuu wanne.

Nilifanya lile ambalo fundi mwenye kupenda amani hulifanya. Kila mtu nilimwandikia kwenye daftari kipimo alichokituma, kisha nikamkatia kipimo nilichokijua, na juu ya hayo, nyuma ya kila mkanda wa kiunoni, kwa siri, nikaingiza lastiki. Nguo zilipowafikia, kundi lilijaa picha na vifijo. Aliyedai inchi 28 aliandika kwamba imemkaa kama aliyezaliwa nayo. Nilijibu kwa kumpongeza.

Kitambaa kilichosalia mwishoni mwa jora nikakitumia kutengeneza zawadi ya ofisi ya walimu: kitambaa kikubwa cha meza, nacho, kwa shinikizo la kiranja mkuu na kicheko cha kundi zima, nikakitarizi kwa uzi mweupe maneno KARIBU MGENI. Pindo za pande tatu nilizipiga kwa cherehani. Umeme ukakatika kabla sijafika upande wa nne. Ni kweli kwamba cherehani ya miguu haihitaji umeme, lakini macho ya mtu wa miaka 54 yanauhitaji, kwa hiyo nilikunja kitambaa, nikachukua sindano na uzi, nikasema nitamalizia kwa mkono huko huko.

Binti yangu wa mwisho alinisindikiza kwa bajaji Jumamosi hiyo. Aliponiona nikiweka sindano mkobani alinionya, "Mama, ukianza hadithi, sindano nayo huja kusikiliza." Nilimwambia kwamba nilikuwa nikishona kabla baba yake hajajua nyumbani kwetu ni wapi.

Tulifika saa tatu. Mgeni rasmi alikuwa ameandikwa kwenye ratiba kuwa atawasili saa nne, jambo ambalo katika nchi yetu maana yake ni kwamba atawasili siku hiyo. Tulipelekwa kusubiri katika darasa letu la zamani, tukajipenyeza kwenye madawati ambayo ama yamepunguzwa, ama sisi tumeongezwa. Magoti yangu yalikuja juu, marinda yakakunjamana mapajani, nami nikatandaza kitambaa juu yake, bluu juu ya bluu, nikaanza kupiga pindo.

Hapo ndipo mwalimu mmoja kijana, baada ya shikamoo, aliponiuliza kwa nini wenzangu wananiita Karibu Mgeni.

Mtu mwenye busara angejibu kwa sentensi moja. Mimi nilianzia kwenye foleni za sabuni. Nikapita kwenye masweta yaliyofumuliwa, nikaingia chini ya kitanda cha mama, nikatoka na wahujumu uchumi, nikaeleza mchakamchaka wa alfajiri na nyimbo za kumlaani nduli Iddi Amin, na muda wote huo mkono wa kulia ulikuwa ukifanya kazi yake wenyewe bila kutazamwa, kama ulivyozoea. Walimu wengine vijana wakasogea kusikiliza. Kila walipocheka, nami nilinogewa. Nilipofika mahali pale ambapo herufi za MGENI zilipita kwenye kitambaa zikapita na kwenye sketi, walicheka mpaka mmoja akashika ukuta, na mimi, kwa kuridhika kabisa, nikafunga fundo la mwisho na kukata uzi kwa meno.

Mgeni rasmi akawasili saa saba kasorobo.

Tulitoka nje, tukakaa kwenye viti vilivyopangwa chini ya turubai, na kwa kuwa nilikuwa nimekikunja kitambaa na kukikumbatia tumboni kwa mikono miwili, hakuna aliyeona lolote, hata mimi. Nilihisi kwamba sketi imepanda kidogo kwa mbele, lakini nikailaumu lastiki. Hotuba zikasomwa. Kisha kiranja mkuu akatangaza kwa sauti ileile ya mwaka 1984 kwamba sasa fundi wetu atakabidhi zawadi.

Nilitembea mpaka mbele, nikapiga goti kidogo kwa adabu, nikanyoosha mikono. Mgeni rasmi alipokea ncha mbili za kitambaa na kuvuta, ili akiinue kipigwe picha. Kitambaa kilikwenda kiasi cha shibiri mbili, kikagoma. Akatabasamu, akavuta tena. Mimi nikasogea. Alirudi nyuma hatua moja, nami nikamfuata hatua moja, na kwa kweli kama kungekuwa na ngoma, watu wangedhani tumefanya mazoezi. Nadhani alifikiri nimeghairi kutoa zawadi, kwa maana alininong'oneza, "Mama, achia tu." Nilimjibu kwa unyonge, "Nimeshaachia, mheshimiwa."

Mvuto wa tatu ndio uliotangaza kila kitu. Marinda ya mbele yalifunguka kama mwavuli, gagulo langu likaonekana hadi magotini, na kitambaa kikatanuka mbele ya umma kikiwa kimegeuka, yaani kwa upande wa nyuma, ule ambao nyuzi zinaruka kutoka herufi hadi herufi na mafundo yote yanaonekana, upande ambao fundi akifa ndipo watu wauone. Wakati huohuo mkanda wa kiunoni ulivutika ukashuka inchi tatu, na nilipoudaka kwa nyuma, lastiki ilichungulia nje ya mshono, nene, nyeupe, mbele ya wanawake 11 waliovaa sketi kutoka jora lilelile. Niliona mikono 11 ikirudi nyuma taratibu, kila mmoja akipapasa kiuno chake.

Kulikuwa na kimya cha kuhesabu mpaka tatu. Kisha aliyekuwa mgonga kengele, ambaye sasa ni babu mwenye mvi, alisimama nyuma kabisa akapaza sauti, "Karibu Mgeni!" Darasa zima la mwaka 1984 likaitikia, "Karibu Mgeni!" Mgeni rasmi, ambaye hakuijua historia hiyo, alishika kifua kwa furaha akasema, "Ahsanteni sana, nimeshakaribia."

Nilibaki nimesimama pale kama kiti kilichovalishwa kitambaa. Hakuna aliyekuwa na mkasi; mkasi wangu ulikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa kwa binti yangu, na binti yangu alikuwa anapiga picha ya video huku machozi yakimtoka. Ndipo katika safu ya mbele ya wazee akainuka mwalimu wetu wa Sayansi Kimu, ambaye tulikuwa tumemleta kwa gari na kumkalisha kwenye kiti cha mto. Sasa anatembea kwa bakora na urefu wake umepungua, lakini umati ulimpisha upesi kuliko ulivyompisha mgeni rasmi.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema, kwa kuwa sikuwa na neno lingine.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niione."

Alivaa miwani. Akashika ule upande wa nne wa kitambaa, pale ulipoungana na sketi yangu, akauvuta kidogo kuupima, akaufuata kwa kucha ya kidole gumba mshono mmoja mmoja kutoka mwanzo hadi kwenye fundo nililolikata kwa meno. Hakuharakisha. Mgeni rasmi bado alikuwa ameshika ncha zake mbili, hajui kama aziachie.

"Safari hii imenyooka," alisema mwalimu. "Fumua."

Akageuka kurudi kitini, akafika nusu ya njia, akasimama.

"Saba kwa kumi. Tatu nimeziondoa kwa ajili ya hiyo sketi."

Nilidai nane. Alikataa.