Mshenga Kasuku

Mimi ni mtu wa "enhe". Mke wangu akinieleza habari za luku kuisha, enhe. Jirani akinisimulia kesi yake ya kiwanja tangu baraza la kata, enhe, enhe. Enhe yangu ina miguu yake, inajiendea yenyewe kama punda aliyezoea njia ya kisimani, na mwenyewe nakuwa niko mbali kabisa nawaza mambo yangu. Miaka yote imenifaa. Mpaka siku iliponipeleka Tanga.

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwa kibanda umiza, Mbagala, jezi nyekundu mwilini. Wasiofuata mpira niwaambie tu kwamba ilikuwa Simba na Yanga, kwamba mimi ni wa Simba, na kwamba mechi iliisha 5-1 na ile moja ndiyo yetu. Hayo yanatosha. Pole zenu sizihitaji.

Mapumziko tulikwenda 1-1, Kibu Denis kasawazisha, kibanda kizima tunaimba. Kipindi cha pili kimeanza tu, simu ikaita. Shangazi, Tanga.

Shangazi yangu hapigi simu kabla hajajiunga kifurushi, na akijiunga hukimaliza. Wala simu yake haikatwi. Ukikata anapiga kwa mkeo, kisha kwa mama yako, kisha habari inarudi kwako imeota mapembe. Nikaibana simu kati ya sikio na bega, macho kwenye runinga, nikaachia enhe zifanye kazi yake.

"Enhe, shangazi. Enhe."

Likaingia la pili. "Mungu wangu!" nikapiga ukelele.

"Mungu ni mwema, mwanangu," akajibu shangazi, sauti imejaa.

Likaingia la tatu. "Siamini! Siamini mimi!"

"Hata mimi niliposikia sikuamini. Sasa nisikilize. La kwanza..." Akaendelea. Nilisikia "Jumamosi". Nilisikia "kanzu". Nilisikia "wazee wa kule". Kisha akashusha sauti kama mtu anayetoa siri: "Na kubwa kuliko yote, mwanangu, usi..."

La nne.

Mwenye kibanda ni mtu wa Yanga. Akapandisha sauti ya spika mpaka mabati yakatetemeka. Kelele zilipotulia shangazi alikuwa anauliza, "Nimekuachia wewe. Umekubali?"

"Sawa, shangazi. Wala usiwe na wasiwasi."

Shangazi akalia kwa furaha. Na mimi nikalia. Tukaagana hivyo, kila mtu na kilio chake.

Jumatano ofisini kwetu wakatuletea semina ya kuhudumia wateja. Mwezeshaji, kijana mtanashati mwenye maiki ya kubana shavuni, akatufundisha namna ya kusikiliza. Alisema wataalamu wawili wa Marekani, Carl Rogers na mwenzake Richard Farson, waliandika habari zake mwaka 1957, na kwamba msikilizaji hasa hakai kama gunia la mkaa, anafanya kazi. Nikashika mambo matatu. Mtazame machoni anayesema. Rudia alichosema kwa maneno yako, aone umemwelewa. Taja anavyojisikia moyoni. Kulikuwa na la nne, ambalo alisema ndilo roho ya somo zima, lakini hapo nilikuwa nasoma kwenye simu utani wa watu wa Yanga.

Alhamisi usiku ikaingia meseji ya binamu yangu wa Tanga: "Kaka, asante sana kwa kukubali kuwa mshenga wangu. Mama ana furaha hajapata kuonekana. Jumamosi saa 9 alasiri tunapeleka posa."

Niliisoma mara tatu. Nikampelekea mke wangu naye aisome.

"Si uliongea na shangazi nusu saa nzima?" akasema. "Kwani alikwambiaje?"

"Alisema usi..."

"Usi nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtu mwenye akili timamu angempigia shangazi akasema, samahani, siku ile sikukusikia vizuri. Lakini mwanamke yule alilia kwa furaha. Utamwambiaje kwamba machozi yake yaligongana na goli la nne?

Njia nzima ya Tanga nililitafuta neno lile. Chalinze nilikuwa na "usichelewe". Segera nikawa na "usivae viatu ndani". Tulipofika Muheza, vijana wanapitisha machungwa madirishani, nikashawishika kabisa kwamba ni "usile", maana shangazi anaijua tabia yangu mbele ya sinia. Chungwa lenyewe nikaliacha, nikianza mazoezi.

Shangazi alinipokea na kanzu imeshapigwa pasi. "Yale niliyokwambia umeyashika?"

"Yote, shangazi."

"Hasa lile la mwisho?"

"Lile ndilo la kwanza kulishika."

Akanibusu kichwani. Nilijiona kama Yuda mwenye kofia ya viua.

Nyumba ya binti ipo Ngamiani, mojawapo ya zile barabara zenye namba. Tulikwenda watu wanne: mimi, mume wa shangazi, na wazee wawili wa mtaani kwao waliokuja, nadhani, kwa ajili ya kashata. Tukakaribishwa sebuleni, tukakaa mkekani. Mbele yetu baba mkubwa wa binti, ndiye msemaji wao, mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe na macho ya mtu aliyekula chumvi nyingi na bado anaidai. Kahawa ikapita. Kashata zikapita. Nikakataa.

"Mshenga hali?" akauliza mzee.

"Nimeshiba, mzee wangu."

Wenyeji wakatazamana. Kukataa kashata nyumbani kwa watu unaowaomba mtoto, nikaja kuambiwa baadaye, ni kama kuinusa kwanza.

Nikatoa salamu, nikaiweka barua ya posa ndani ya kitambaa chake. Mzee hakuigusa. Akakohoa, akasema taratibu: "Tumekusikieni. Lakini mlango wa nyumba hii, wanangu, haufunguki kwa kugongwa tu."

Mshenga wa kweli hapo anatia mkono mfukoni, anatoa bahasha ya kufungulia mlango, watu wanacheka, mambo yanasonga. Bahasha ninayo, shangazi alinitia mwenyewe mfuko wa kanzu. Lakini mimi niliingia na semina kichwani. Nikamkazia mzee macho, macho ndani ya macho, mtu mwenye umri wa babu yangu, nikasema kwa upole: "Kwa hiyo mzee, kama nimekuelewa, mlango wenu una tatizo la kufunguka."

Kimya. Mume wa shangazi akanifinya paja.

"Na inaonekana," nikaongeza, maana jambo la tatu lilikuwa bado, "jambo hili linakupa huzuni."

Mzee mmoja wa upande wetu akameza kashata vibaya, ikabidi apigwe mgongoni. Baba mkubwa alinitazama kwa muda. Nimeshalifikiria sana tazamo lile. Naamini ndipo alipogundua kwamba Mungu kamletea riziki.

"Mwanangu," akasema, sasa kwa sauti laini kama samli, "watu huja hapa. Walikuja watu kwa ajili ya dada yake mkubwa, wakataja milioni 3."

Nikatikisa kichwa juu na chini, kama tulivyofundishwa, kumwonyesha niko naye. "Milioni 3," nikarudia.

"Milioni 3," akasema mzee.

"Naam. Milioni 3."

"Alhamdulillahi!" Akapiga makofi mara moja. "Mmesikia nyote? Mshenga katamka mwenyewe, tena mara mbili, na kichwa kaitikia. Mahari milioni 3."

Na papo hapo, bila kuitwa, ile sentensi ya shangazi ikanirudia nzima. Labda sikio lilikuwa limeihifadhi muda wote mahali fulani, likisubiri mwenye nyumba arudi. *Na kubwa kuliko yote, mwanangu, usitaje hesabu yoyote, hata wakuchokoze vipi. Mahari sisi wanawake tumeshasikilizana. Laki 5.*

Angalia Kiswahili kilivyo na dhihaka. Wao walikuwa wameshasikilizana. Aliyetumwa kuwawakilisha ndiye peke yake ambaye hakusikiliza.

Mume wa shangazi alikuwa ameacha kunifinya. Hilo lilinitisha zaidi. Nikaanza kueleza kwamba kurudia si kukubali, kwamba ni mbinu, kwamba kuna Wamarekani wawili tangu mwaka 1957... Mzee akawa ananisikiliza kwa makini sana, kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu yeyote, na kila nikinyamaza anasema tu, "Enhe."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia la uani. "Huyo mshenga hebu nileteeni hapa."

Alikuwa bibi mzaa baba wa binti. Amekaa kwenye jamvi, anasuka ukili, vidole vinakwenda vyenyewe. Nikapiga shikamoo, nikakaa, macho nikayatupa chini kwenye ukili. Semina ilikuwa imeshanitoka yote kwa jasho. Sikuwa na mbinu hata moja, wala la kujitetea.

Bibi hakuniuliza la mahari. Akanisimulia mshenga wake yeye, aliyekuja kumposa kwa miguu kutoka upande wa Pangani. Njiani alilala kwa watu, akanywa tembo la watu, asubuhi akaamka kalisahau jina la binti. Alipofika akaogopa kuuliza. Akakaa kwetu siku tatu anasaidia kufua nazi, akisubiri mtu alitaje jina mwenyewe.

"Enhe," nikasema. "Halafu ikawaje, bibi?"

"Nikalitaja mimi. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya pazia kama leo. Siku ya tatu nikaona huruma, nikapiga kelele kisimani, nikajiita mwenyewe kwa jina langu."

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Nikamuuliza huyo mshenga alishukuruje, na mumewe alikuja kuambiwa au la, na hapo yakazaliwa masimulizi mengine: mume alivyofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, mikono ilivyomkauka hata akimshika mtoto mtoto analia, alivyokuwa akipaka mafuta ya nazi kila jioni kabla ya kumbeba. Jua likashuka. Ukili ukarefuka. Sijui ni lini nilikuwa nimekaa muda wote ule bila kuigusa simu. Hata kahawa nilikunywa, na kashata nikala nne.

"Unaona?" akasema bibi, bila kuinua macho. "Ile enhe yako ya sebuleni ilikuwa debe tupu. Hii ya sasa ina kitu ndani. Mtu huisikia, mwanangu. Hata nyuma ya pazia huisikia."

Kisha akamwita mwanawe, yule baba mkubwa, akaja na ndevu zake.

"Kasuku akitaja bei dukani," bibi akamuuliza, "utamfungia bidhaa?"

"Hapana, mama."

"Basi huyu ni kasuku. Kasuku hatozwi mahari. Yabaki yale tuliyosikilizana." Mzee akanywea, kidogo tu. Nafikiri alishajua tangu mwanzo kwamba milioni zile hazingelala ndani ya nyumba ile, lakini alikuwa amezifurahia kwa jioni moja. "Ila faini atalipa. Kesho kabla hujapanda basi, mjukuu wangu, niletee khanga. Doti moja. Uichague mwenyewe."

Doti moja ya khanga kwa milioni 3! Nilitoka pale kama niliyezaliwa upya.

Asubuhi nikaingia duka la khanga hapo hapo Ngamiani. Nimefika tu mlangoni, simu. Shangazi. Habari za milioni 3 zilikuwa zimemfikia usiku, zimepitia vinywa saba, na alikuwa amejiunga kifurushi cha siku nzima.

"Sikio la kufa wewe!" akaanzia hapo.

"Enhe, shangazi." Nikamwonyesha muuzaji moja ya rangi ya zambarau, maua meupe, nzuri kweli.

"Hiyo nzuri, kaka," muuzaji akaanza, "ila ujue hiyo ni ya mipasho, watu huinunua kwa ajili ya..."

"Enhe, nifungie hiyo hiyo. Hapana, shangazi, sikusemi wewe."

Nilimkuta bibi kwenye jamvi lake. Nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili. Akaipapasa, akainusa upya wake, akatabasamu. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo, kwa hiyo akamwita binti mwenyewe, bi harusi wetu mtarajiwa, aje amsomee jina la khanga.

Binti akaikunjua. Akaisoma kwanza kimya. Akanitazama. Akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Soma, mama, kwa sauti."

"Imeandikwa, bibi... 'Kelele za mlango hazinikoseshi usingizi'."

Vidole vya bibi vikasimama kwenye ukili. Kutoka sebuleni nikasikia kikohozi cha baba mkubwa, kikohozi cha mtu anayeona riziki inarudi.

"Mshenga," bibi akasema taratibu, "wewe si ndiye hodari wa kurudia maneno ya watu? Hebu nirudishie hayo. Sikuyasikia vizuri."